Tahadhari Thelathini na Saba

Ijumaa, 1 Septemba

Tulimzika Mitko juzi, na leo mkewe Vaska amekuja uani kwetu na nguo zake nyeusi. Hakukaa. Alisimama karibu na magunia ya pilipili hoho akaniuliza, "Stojmen, ile harusi yetu unayo bado?"

Nikamwambia ninayo. Mimi ndiye niliyeipiga video, mwaka tisini na tatu, kama nilivyopiga karibu kila harusi ya upande huu wa Strumica kwa miaka thelathini. Kaseti zenyewe niliziteketeza mwaka juzi, bomba la chini ya nyumba lilipopasuka zikaota ukungu, lakini kabla ya hapo nilizihamishia zote kwenye sanduku la diski. Harusi mia nne na kumi na mbili. Lina diski mbili, kila moja ina nakala ya mwenzake, liko stoo, limeunganishwa na mtandao wa nyumba.

"Simona anakuja kwa arobaini," akasema. "Anataka kumsikia babake."

Sikuelewa mara moja, na ni aibu, kwa sababu nimeishi ukuta kwa ukuta na watu hawa maisha yangu yote. Mitko alipasuliwa koo hospitalini kwa sababu ya uvimbe, Simona akiwa na miaka miwili. Tangu hapo alikuwa akinong'ona tu kupitia tundu walilomwachia shingoni. Mtoto amekua, amesoma, amehamia ng'ambo, Göteborg, hajui sauti ya babake ilikuwaje. Na hakuna mtu mwingine aliyemrekodi.

"Tarehe saba Oktoba," nikamwambia. "Utaipata, Vaska. Nakuapia."

Mama yangu alisikia yote dirishani. Vaska alipoondoka akaanza. "Harusi kwenye arobaini! Ngano ya kumwombea marehemu mezani, na nyie mnatazama watu wanacheza ngoma! Mna akili nyie?" Mama ana miaka themanini na tatu, na hajawahi kukubaliana na jambo lolote kabla halijamalizika.

Jumatatu, 4 Septemba

Pilipili. Mama anasema sanduku langu "linavuma kama mzinga" asubuhi. Nimekwenda kulitazama nilipotoka kazini mchana. Kimya, taa za kijani. Nimemwambia masikio yake ndiyo yanavuma. Amerudi kwenye pilipili zake.

Jumanne, 5 Septemba

Nimempigia Dragi, mume wa dada yangu, maana ndiye aliyelihamishia sanduku stoo mwezi wa tano, akaliunganisha na mtandao na kujifanya fundi.

"Shemeji, ondoa shaka," akasema. "Nimeliwekea tahadhari. Likiumwa linaandika barua pepe lenyewe. Umepata barua?"

"Sijapata."

"Basi haliumwi."

"Na mama anasema linavuma."

"Mama yako alisema pia simu yangu inanyausha maua. Shemeji, usilichokonoe kabla hujajua lina nini. Haraka haraka haina baraka."

Nikamwuliza kwa nini basi halilii, maana nilisoma kwamba masanduku haya hupiga kelele yakipata shida. Akasema kelele aliizima mwenyewe, mama alilalamika. Nitajie nyumba nyingine duniani ambamo king'ora kinazimwa kwa sababu kinapiga kelele.

Ijumaa, 8 Septemba

Nilitaka kuitoa harusi ya Vaska leo. Sikuitoa. Ni Siku ya Uhuru, nilikwenda kupiga picha za sherehe, halafu magunia sita yalifika kutoka shambani. Bado kuna mwezi mzima.

Jumanne, 12 Septemba

Nimeamua kuziweka hizo tahadhari upya kwa mkono wangu, kwa sababu Dragi ni mtu wa kusema "nimefunga" hata mlango ukiwa unapigapiga.

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Kwanza sanduku linataka jina la seva ya barua. Halafu linataka namba ya mlango: je, ni mia nne sitini na tano au mia tano themanini na saba? Nyumba gani hii yenye milango mia tano, na hakuna hata mmoja unaonifungukia? Halafu jina langu, halafu neno la siri. Nikaandika. Limekataliwa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, kwa kidole. Limekataliwa. Mara ya tatu kampuni ya barua ikanifungia nje ya sanduku langu la barua na kunitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zote zenye ngazi.

Nina miaka hamsini na tisa. Nimepiga picha mpaka juu ya paa la kanisa, nimeangukiwa na keki, nimebebwa begani na walevi kamera ikiwa inaendelea kurekodi. Leo naulizwa kama ngazi ni ngazi.

Jumatano, 13 Septemba

Limekataliwa.

Alhamisi, 14 Septemba

Limekataliwa. Mama ameniletea kahawa akasema, "Andika barua ya mkono upeleke posta. Mwenye posta anakufahamu." Nimetoka nje nikapasua kuni.

Jumamosi, 16 Septemba

Siku nzima ya kuchoma pilipili uani. Majirani wote wanachoma, mtaa mzima unanukia, na moshi umeingia mpaka kwenye soksi. Mimi nachoma na kugeuza, mama anamenya. Kila mwaka mimi huungua vidole na kila mwaka yeye husema ni kwa sababu sikuoa. "Umepiga picha harusi mia nne, hata moja haikukuambukiza." Tumejaza chupa arobaini na moja za ajvari, ile rojo ya pilipili za kuchoma. Bado magunia manne.

Vaska alipita na kikapu. Hakuuliza kitu, ila alitazama kuelekea stoo. Simona amekata tiketi.

Jumatano, 20 Septemba

Nimeipata siri ya kampuni ya barua, na damu inanichemka.

Neno langu la siri ni sahihi. Lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza! Wanalikataa kwa sababu sanduku langu, wanasema, ni "kifaa kisichoaminika". Ili kiaminike natakiwa niombe neno la siri jingine la pekee, la herufi kumi na sita, wanalonipa wao wenyewe, na ili wanipe natakiwa kwanza niunganishe simu, na ili niunganishe simu natakiwa niingie kwenye barua, ambako wamenifungia. Sanduku ni langu. Barua ni yangu. Anayeandika ni mimi na anayeandikiwa ni mimi. Katikati amesimama mtu nisiyemjua ananiuliza kama najiamini.

Nimewaandikia malalamiko ya kurasa mbili. Jibu limekuja baada ya dakika moja, kwa hiyo hakuna aliyesoma.

Lakini jioni walinifungulia, na sasa herufi kumi na sita ninazo. Nimezibandika ndani ya mlango wa kabati, pamoja na vipimo vya ajvari.

Ijumaa, 22 Septemba

Leo nimebonyeza "tuma barua ya majaribio". Sanduku likajibu: imetumwa.

Nikapiga ngumi mezani kwa furaha. Mama akaja mbio akidhani nimeanguka.

Halafu nikangoja. Robo saa, nusu saa. Nimetazama kwenye barua zangu, nimetazama kwenye barua taka, ambako nimekuta tiba nne za upara. Hakuna. Nikabonyeza tena: imetumwa. Imetumwa wapi? Nimeurudia ukurasa wote mstari kwa mstari, na huko chini kabisa, mahali pa kuandika anwani ya mpokeaji, nimeisoma anwani ambayo si yangu.

Ni ya Dragi. Ile anwani yake ya zamani aliyokuwa akiagizia vipuri vya gari. Ameiacha pale tangu mwezi wa tano. Sanduku limekuwa likimwandikia yeye.

Nimempigia simu mara sita. Yuko shambani, simu iko ndani ya gari.

Jumamosi, 23 Septemba

Naandika haya kwa hasira, na siombi radhi kwa mwandiko.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dragi. Dada yangu akaona uso wangu akaondoa visu mezani, na sijui kama alikuwa anatania. Dragi alichukua dakika arobaini kukumbuka neno lake la siri. Lilikuwa jina la mbwa aliyekwisha kufa. Tukafungua.

Barua thelathini na saba, ukiacha zile za majaribio za jana.

Thelathini na saba! Kutoka kwenye sanduku langu, tangu wiki ya pili ya Agosti, karibu moja kwa siku. "Joto limepita kiwango." "Joto limepita kiwango." "Joto limepita kiwango."

"Uliziona?" nikamwuliza.

"Niliziona… vichwa vyake."

"Na ukafanya nini?"

"Shemeji, wewe ungefanya nini? Kila siku joto, joto, joto. Nilidhani wanauza viyoyozi!"

Dada yangu akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma ile ya mwisho, ya Alhamisi: "Diski ya kwanza imeharibika. Data yako haina tena nakala. Chukua hatua mara moja."

Nilimwambia Dragi maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili huenda likasomwa na watu wa dada yangu. Nikamwambia kwamba mtu akipokea barua ya mwenzake huipeleka, hata postamasta mlevi hufanya hivyo. Nikamwambia kwamba Simona anapanda ndege kuja kusikia sauti ya babake na yeye amezikalia barua thelathini na saba. Hapo akaacha kujitetea. Akachukua funguo, akasema, "Panda gari."

Tulifika, nikaandika anwani yangu mahali pa mpokeaji, nikachomeka diski ya nje, na jambo la kwanza nililotoa ni harusi namba mia na nane, Vaska na Mitko. Diski iliyobaki ilikuwa inakwaruza. Saa tatu za harusi zilichukua saa tano kutoka. Dragi alishika tochi muda wote ingawa taa ilikuwepo. Saa kumi na mbili kasoro namba mia na nane ilikuwa imetoka nzima. Nikafungua picha upesi kuhakikisha: Vaska na shela, Mitko na nywele zake zile. Tukaacha nyingine ziendelee kutoka zenyewe.

Jumapili, 24 Septemba

Zimetoka harusi hamsini na tatu. Nimezisoma tena zile barua za Dragi na kuna jambo linanisumbua. Zote zimeandikwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, wakati mimi niko kibandani kwangu napiga watu picha za pasipoti. Hakuna hata moja ya Jumapili. Siku ya maziko ya Mitko, mama alipokuwa kwa Vaska tangu alfajiri, hakuna.

Sitaki kufikiri ninachofikiri.

Jumatatu, 25 Septemba

Saa nne na dakika kumi na nne simu ikalia mfukoni. Barua ya kwanza ya sanduku langu kwangu mimi mwenyewe. Joto limepita kiwango. Nilimwacha mteja kwenye kigoda na kidevu chake juu, nikapanda baiskeli.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa stoo, beseni la pilipili mapajani. Na sanduku langu, lenye diski moja iliyobaki hai, lilikuwa limevikwa. Juu yake kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, cha maua, chenye pindo. Na nyuma, mahali feni inapotolea hewa, limezibwa na blanketi la sufu lililokunjwa mara nne.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, nina kisu."

"Mama, hilo linapumua kwa huko nyuma!"

"Ndiyo, linapumua, linanipulizia kiunoni! Nakaa hapa kila siku namenya, upepo wote unaniingia kwenye figo. Unataka nife kwa upepo unaokatiza ndani? Shangazi yako alikufa hivyo, dirisha hili na mlango ule, siku tatu tu!"

"Na kitambaa?"

Hapo akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyepotewa na akili. "Televisheni ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Simu ya mezani ina kitambaa. Hilo lako likae uchi, watu wakija waseme nini?"

"Kwa nini unakitoa nikirudi?"

"Kwa sababu ukikiona unapiga kelele. Kama sasa."

Nilipiga kelele kweli. Nilisema kwamba amelichemsha kama supu. Nilisema mia nne na kumi na mbili, nikahesabu watu wa mtaa mmoja mmoja ambao harusi zao amezipika. Nilisema mengi, na mwisho nikasema kwamba baba alikuwa na haki ya kukaa baani. Hilo halikuwa la kusemwa. Alisimama, akakunja kitambaa chake pembe kwa pembe, akaingia chumbani.

Saa tisa alasiri diski ya pili imekufa. Zimeokoka harusi tisini na sita. Mia tatu na kumi na sita zimekwenda.

Jumanne, 26 Septemba

Mama hasemi nami. Amemenya pilipili zote peke yake, uani, kwenye jua.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua. Hasemi. Dragi ameleta diski mbili mpya na mbuzi mzima wa kuchinja kwa arobaini ya Mitko, akaviacha mlangoni akaondoka kabla sijatoka.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeweka diski mpya. Nimetuma barua ya majaribio, imenifikia mimi. Nilitegemea kufurahi. Mama amepita nyuma yangu, amesimama kidogo, amesema, "Sasa linakuandikia wewe?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema, akaenda zake. Ni neno la kwanza kwa wiki nzima.

Jumatano, 4 Oktoba

Leo nimekaa kuitazama harusi namba mia na nane kutoka mwanzo, na spika zikiwa zimewashwa.

Nyani haoni kundule.

Kuna muziki. Tangu dakika ya kwanza, Mitko anatoka nyumbani kwao na bendera ya harusi na jamaa zake, muziki. Wanavunja mkate, muziki. Anasimama mezani na glasi, anafungua mdomo, anasema na wageni mia mbili dakika tatu nzima, watu wanacheka, Vaska anaficha uso kwa aibu, na kinachosikika ni mwimbaji aliyekuwa akivuma mwaka ule, na zumari yake.

Nimekumbuka yote. Majira ya kuchipua mwaka tisini na tatu nilinunua mashine ya kuchanganyia sauti, ya kwanza mjini. Watu walinisifu. Nilikuwa nafuta sauti za harusi nzima, makelele ya watu kama nilivyoyaita, na kuweka nyimbo nzuri juu. Kaseti ya asili niliitumia tena Jumapili iliyofuata kwa harusi nyingine.

Mwezi mzima nimetukana watu. Kampuni ya barua, Dragi, mama yangu mzazi. Dragi alilaza barua na mama alichemsha diski, lakini sauti ya Mitko hawakuigusa wao. Niliifuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu, na nikalipwa, na kupongezwa, na kuombwa niifanyie vivyo hivyo harusi ya jirani. Nimefanya hivyo kwa kila mtu. Mji mzima nimeuziba mdomo kwa nyimbo. Kama kungekuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko dhidi yangu, ningekwenda sasa hivi na kurasa ishirini.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemwambia mama. Nilidhani atasema, "Nilikwambia." Alikaa kando yangu, akafunika magoti kwa lile blanketi la sufu, akasema, "Iweke."

"Hakuna kitu, Mama. Ni nyimbo tupu."

"Wewe tangu mdogo hukuwa msikilizaji. Iweke."

Tumesikiliza saa tatu zote. Mama alitaja kila aliyepita, nani amekufa, nani yuko Ujerumani, nani alikuwa amekopa suti. Picha ilipokaribia kutimiza saa mbili, wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine haujaanza, mama akanishika mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha. Pengo la sekunde nne. Nilichelewa kuingiza wimbo, basi, kidole kilizubaa. Kwenye picha Mitko anakuja moja kwa moja kwenye kamera na sahani mkononi, na anasema.

Mama alijipangusa macho kwa blanketi. "Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye hasa."

Jumamosi, 7 Oktoba

Asubuhi makaburini, padre, mishumaa, divai juu ya udongo, ngano ya sukari kwenye vikombe. Mchana wageni kwa Vaska. Mama hakusema lolote juu ya harusi na arobaini; yeye ndiye aliyewahimiza wageni wa mwisho waende nyumbani. Dragi alibeba viti. Tulipopishana mlangoni akasema, "Shemeji," nikasema, "Shemeji," na tukaiacha hapo.

Tulibaki chumba cha ndani: Vaska, Simona, mama na mimi na kompyuta yangu. Simona ni mwanamke mrefu, mwenye mabega ya babake. Alikuwa ameweka kiti karibu kabisa.

Niliwaambia kabla sijafungua. Niliwaambia kila kitu: kwamba kulikuwa na hotuba ya dakika tatu na niliifuta kwa mkono wangu, kwamba hakuna mashine itakayoirudisha, kwamba kilichobaki ni sekunde nne na si neno la maana. Niliongea sana. Vaska akanikatiza, "Stojmen, iwashe."

Nikaiwasha. Wimbo ukaisha. Mitko akaja na sahani, miaka ishirini na saba, tai imelegea, akasema:

"Stojmen, we! Weka chini hilo dude, njoo ule."

Halafu zumari.

Simona akasema, "Kumbe sauti yake nyembamba."

"Nyembamba," Vaska akasema. "Na alikuwa hataki aambiwe." Akaweka kiganja mdomoni.

"Mimi siku zote nilidhani nzito." Simona alicheka, na machozi yakawa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Mjomba, ulikwenda kula?"

"Sikwenda," nikasema. "Nilikuwa kazini."

"Irudie."

Nikairudia. Akasema, "Tena," nikairudia. Mama alinyoosha mkono akapunguza taa isimwumize Simona macho. Sikuhesabu mwanzoni, ila nadhani ilikuwa mara ya kumi au kumi na moja ndipo nilipomsikia Simona akiyasema maneno pamoja na babake, kwa sauti ndogo, akimfuata pumzi kwa pumzi, mpaka akajua mahali pa kupanda na mahali pa kushuka. Na mara iliyofuata sikubonyeza kitu, akayasema peke yake.